Inukai, au Mguu wa Wanjugu Uliozibwa Mdomo

Watu wengine huoa sura, wengine huoa mwendo. Mimi Kahiga nilioa sauti. Siku nilipomleta Wanjugu nyumbani, mama yangu alimsikia akisalimu tu, akaniambia nyumba yangu haitahitaji mlango, kwa maana mwizi akisikia mke huyu akikohoa ataenda zake. Alisema kweli. Tumeishi miaka mingi na hatujawahi kuibiwa hata kuku.

Wanjugu si mrefu wala si mnene, na ukimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe utadhani ni mtu wa kunong'ona. Lakini akisimama, akakita visigino vyote viwili ardhini na kufungua kinywa, ng'ombe wa ng'ambo ya bonde huinua vichwa. Mwenyewe husema nduru haitoki kooni, hutoka kisiginoni. Koo ni mlango tu wa kupitia. Nilikuwa nikimcheka kwa maneno hayo mpaka mguu wake ulipoharibika, nami nikaacha kucheka.

Shamba letu liko juu ya Njoro, upande wa kupanda Mau. Tulilichukua baada ya uhuru, watu wa chama kimoja cha ushirika, mzungu aliyekuwa nalo alipouza na kwenda kwao. Aliondoka na kengele yake. Ile kengele aliyokuwa akiwaitia wafanyakazi aliing'oa na kuibeba, sijui akamwitie nani huko Uingereza. Nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, ngano ikiwa katikati, na simu tulizisikia tu kwamba ziko mjini Nakuru. Basi kengele yetu ikawa mke wangu.

Hakuna mkutano uliomchagua. Ng'ombe wa mtu alianguka mtaroni, Wanjugu akapiga nduru, watu wakaja na kamba. Wiki nyingine moshi ulitoka ghalani, akapiga nduru ya namna nyingine, ya kukatakata, watu wakaja na ndoo na magunia yaliyolowa. Taratibu masikio ya shamba yakafundishika. Ya kuvuta ilikuwa ya mnyama, ya kukatakata ilikuwa ya moto, na ya kupanda na kushuka ilikuwa ya mwanadamu: mama aliyeshikwa na uchungu, au mzee aliyezirai. Ulijua cha kubeba kabla hujajua kumetokea nini.

Lakini sauti aliyoionea fahari mwenyewe ilikuwa ya mwisho, ya kuwarudisha watu makwao. Alikuwa akiita, "Inukai-i-i!" Kwa Kikuyu maana yake ni nendeni nyumbani. "Kuita watu ni kazi ya mtoto," alikuwa akiniambia. "Hebu jaribu kuwarudisha."

Nilimwelewa mwaka ule ngano yetu iliposhika moto upande wa barabarani. Alipiga nduru yake ya kukatakata, na shamba zima likaja. Tukaupiga moto kwa magunia mpaka ukafa. Sasa, mtu akishapandwa na mori hajui kwamba vita vimekwisha. Tuliendelea kupiga. Tulipiga ngano nzima isiyo na hata cheche. Mmoja alikata waya wa ua ili apate njia, mwingine akamwaga maji juu ya mbegu kavu, nami mwenyewe nilikuwa nikikanyaga mashuke kama niliyetumwa na adui. Wanjugu akapanda juu ya tela ya trakta langu, akakita visigino, akaita, "Inukai-i-i!" Mikono yetu ikalegea. Tukatazamana kwa haya, tukaenda zetu.

Isipokuwa mtu mmoja. Obura, fundi wa mitambo, alikuwa mgeni, ametoka Nyanza mwezi uleule. Alikuwa amechuchumaa kando akipumua, na Kikuyu hakijui. Alisikia "inukai", akadhani ni Kiswahili kibovu cha mama mmoja wa Kikuyu, kwamba anaambiwa ainuke. Akainuka. Akasimama wima katikati ya shamba lililoungua, akingoja amri ya pili, sisi wengine tukiwa tumekwisha kwenda kunywa chai. Jirani yetu Chepkemei, mama mmoja wa Kipsigis aliyetoka Keringet, ndiye aliyerudi kumchukua.

"Wewe fundi, unangoja nini hapa?"

"Nimeambiwa nisimame, mama. Nimesimama."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Inuka, na hata watoto hawakumjua kwa jina lingine. Kesho yake alirudi palepale na nyundo na misumari kutengeneza ua uliokatwa, na wengine wakaja na mbegu. Wanjugu akanionyesha kwa kidole. "Unaona? Wenye magunia wakienda ndipo wenye nyundo hupata nafasi. Wangebaki wote pamoja, hakuna kazi ingefanyika."

Hayo yalikuwa ya shamba. Ya mguu yalianza mwaka wa sabini na moja, mvua za masika zilipokuwa zikinyesha. Wanjugu alikuwa akikatia ng'ombe majani, panga likateleza kwenye shina lililolowa, likamla muundi wa mguu wa kulia. Aliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa safi, akarudi kwa ng'ombe. Siku zilizofuata mguu ulivimba, ukawa mwekundu, ukawa na moto na kudunda. Wanjugu ni mtu wa subira kwa kila kitu isipokuwa maumivu.

"Huu mguu una kelele," alilalamika. "Hauniachi hata nisikie ninachowaza."

Dada yake mdogo, Njoki, alikuwa akipika kwa familia moja ya afisa huko Lanet, karibu na kambi ya jeshi. Jumapili alikuja kutuona, na mkobani alikuwa na dawa ya kupaka, tyubu ndogo aliyopewa na mama mwenye nyumba. Yule mama alikuwa na ngozi inayomwasha, na kila alipopaka, mwasho na wekundu viliondoka mara moja.

"Paka hii, dada. Hii ni kiboko. Inatuliza kila kitu, kimya kabisa."

Wanjugu akapaka. Kabla wiki haijaisha uvimbe ulikuwa umeshuka, wekundu umeondoka, moto hakuna. Alicheza pale jikoni mwiko mkononi, akamwita Chepkemei aje aone, akamtumia Njoki kuku jike mwenye mayai. Mimi pia nilifurahi. Nani hafurahi mke wake akiacha kuugua?

Kumbe kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kidonda hakikuuma, lakini pia hakikufunga. Mvua zilikwisha, mahindi yakatoa mbelewele, na kidonda kilikuwa palepale, kinywa kilichoachwa wazi na mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kingo zake zilikuwa nyeupe, hazina damu wala joto. Kila alipoona haponi, aliongeza dawa. Njoki, dada mwema, akaleta tyubu nyingine.

Kila alipokita kisigino kwa nguvu, kidonda kilichanika upya. Nduru nayo ikaenda. Siku moja ndama wa Chepkemei alitumbukia mtaroni, Wanjugu akasimama kuita, mguu ukamkataa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuku aliyekanyagwa. Alirudi ndani akajifunika leso uso mzima. Niliogopa, na siwezi kusema ilikuwa kitu kingine. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia kando kwamba kidonda kilichokaa hivyo juu ya mfupa kinaweza kuuharibu mfupa, na mfupa ukiharibika mguu hukatwa.

Kamati ya shamba ikaamua tutundike kipande cha reli ya garimoshi kwenye mti, Obura awe mpigaji. Reli ina sauti kubwa, sikatai. Lakini inajua neno moja tu: njooni. Ng'ombe akianguka mtaroni, watu wanafika na ndoo za maji. Jiko la mtu likifuka moshi, tunakuja na kamba, tumesimama tumezishika, tunaulizana tufunge nini. Na tukishafika, nani atatuambia twende? Siku ya ndama wa pili kwa Chepkemei, shamba zima lilikuja, ndama akatolewa, watu wakabaki. Wakakaa. Wakala githeri yote, sufuria kubwa ya mahindi na maharagwe, wakanywa mursik, maziwa ya mgando aliyowawekea wanawe, wakakanyaga mboga zake. Chepkemei alimwendea Wanjugu machozi yakimlengalenga, akamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Mama Wariara, pona tafadhali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa hata jembe wamekalia."

Wanjugu alicheka mara ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Baba Wariara, nipeleke Nakuru."

Tuliteremka na lori la pareto. Daktari tuliyepelekwa kwake aliitwa Jayantilal, mtoto wa muuza vitambaa wa hapo mjini, aliyesomea udaktari Bombay kisha akarudi kufungua kliniki nyuma ya duka la baba yake. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kupimia kanga na kupatania bei, nasi tulikielewa vizuri sana. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alikibonyeza kidonda huku na huku, akainamisha kichwa.

"Mama, hii haina uchafu. Haina usaha. Lakini nalala tu. Wewe napaka nini?"

"Chumvi na maji, daktari."

"Na nini?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wanjugu alinitazama, akatazama dari, kisha akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo, ile tyubu. Daktari alisoma maandishi yake, akaiweka mezani polepole.

"Hii dawa mzuri sana," alisema. "Mimi pia napatia watu. Ngozi ikipiga kelele ya bure, hii natuliza. Lakini kwa kidonda? Mama, umeziba mdomo ya mguu."

"Mguu una mdomo?"

Akavuta kiti chake karibu. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na wagonjwa waliongoja nje walijua hivyo, maana nilisikia mmoja akiguna. "Sikiza. Ukijikata, zile chembe ndogo-ndogo za mwili hapo zinamwaga dawa zao wenyewe. Hizo dawa zinaingia kwa damu, zinaita. Mishipa inafunguka, damu inakuja mingi, ndiyo mguu unakuwa mwekundu na moto. Maji inatoka, ndiyo inavimba. Halafu chembe nyeupe zinafika, zinakula uchafu. Zikimaliza, hizo pia zinamwaga dawa ingine, zinaita fundi: kuja, jenga nyama, jenga ngozi. Hakuna kuita, hakuna mtu kuja. Na hii tyubu nasema kwa wote: nyamaza."

Wanjugu alikuwa ameshika shavu. Nilimwona akikodoa macho taratibu, kisha kicheko kikaanzia tumboni kikampanda mpaka mabega yakatikisika.

"Baba Wariara, umesikia? Ule uvimbe ulikuwa nduru! Mguu wangu ulikuwa unapiga nduru, na mimi, mimi Wanjugu, ndiye niliyeuziba mdomo!"

"Nduru, ndiyo," daktari akasema, akalifurahia neno. "Nduru ya dawa. Huko ng'ambo watu wa sayansi nachunguza sasa, wamepata chache tu, hata majina bado nabishana."

"Na kila moja ina sauti yake? Ya kuita wenye magunia, na ya kuita wenye nyundo?"

Nilimweleza daktari habari ya magunia na nyundo, maana uso wake ulionyesha amepotea. Akapiga goti lake kwa furaha. "Hivyo hivyo!"

"Haya, daktari," Wanjugu akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Nani huwaambia warudi nyumbani?"

Jayantilal alivua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

"Mama, iko kitu. Lazima iko, kwa sababu wakikaa sana wanaharibu mwili yenyewe, kama viungo ya wazee nauma kila siku. Lakini nani nasema rudini, mimi hapana jua. Hata professor bado natafuta."

"Wakikosa, waje Njoro waniulize."

Alitupa masharti: tyubu isiguswe tena, kidonda kioshwe na kufungwa kila siku kwa shashi safi, mguu uwekwe juu ya kigoda akikaa, na ale mayai, maharagwe na maini. "Itavimba tena kidogo, itauma. Hiyo kazi yake. Lakini homa ikishika wewe, ama wekundu ikipanda kwenda goti, hapana ngoja. Kuja mbio." Alitutazama wote wawili. "Na ikikaa bado nalala, tutaenda hospitali kubwa, tuone mfupa. Sitaki kudanganya."

Tulirudi kwa lori. Wiki ile tulikuwa watu wawili tunaosubiri maumivu, na hilo si jambo la kawaida. Kila asubuhi nilimwuliza, "Je?" Naye anajibu, "Hakuna." Nikaanza kuona mguu uliokatwa kila nilipofumba macho. Nilikuwa nikilima, trakta likapinda na mistari yangu ikawa ya mlevi, mimi ambaye mistari yangu watu huja kuitazama.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nikinywa chai, nikasikia yowe kutoka chumbani.

"Baba Wariara! Inauma!"

"Inauma?"

"Inauma sana! Asante Mungu! Njoo ushike, ina moto!"

Nilishika. Ilikuwa na moto. Kingo zilikuwa zimeanza kupata wekundu, na juu yake uvimbe mdogo wa heshima. Tulikumbatiana kama watoto waliopewa sukari. Chepkemei alikuja na maziwa, Obura akaja na mkono wa pongezi, na kila aliyeingia alimwuliza mke wangu kama anaumwa, na akijibu ndiyo, wanashangilia. Mpita njia angetuona, tungefungiwa kama wendawazimu. Lakini dawa ya moto ni moto, na sisi tulijua tunachoshangilia.

Tuliporudi kliniki, chini ya kidonda palikuwa na nyama mpya, nyekundu, ya chengachenga mithili ya mtama. Daktari aliinama, akatabasamu. "Ona, mama. Haiponi kutoka juu. Nyama nainuka kutoka chini."

"Umesema nini?"

"Nyama nainuka."

Wanjugu alinigeukia. Nilijua alichokisikia, kwa sababu mimi pia nilikisikia: neno lake mwenyewe, inukai.

Ngano ilipokaribia kuvunwa, kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki kovu jekundu lililowasha, na Wanjugu hakuliamini. Kazi imekwisha, alisema, lakini hawa bado wako ndani, wamekaa kama wale wa githeri. Daktari alimwambia ni kawaida, wekundu utapungua wenyewe pole pole, aupe mwili muda. Eti wenyewe! Umewahi kumwambia mwenye kengele kwamba watu watatawanyika wenyewe?

Asubuhi moja nilikuwa upande wa juu na trakta, nikilima kizuizi cha moto kando ya ngano. Jua lilikuwa halijapanda sana, watu ndio kwanza wameshika majembe. Nikasikia, juu ya kelele za injini, kitu nilichokuwa sijakisikia tangu masika.

"Inukai-i-i!"

Sikuwaza. Mkono wangu ulizima trakta kabla kichwa changu hakijauliza kwa nini. Niliteremka, nikaanza kwenda nyumbani, na nilipotazama bondeni niliona shamba zima likifanya vilevile. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye mahindi, jembe begani. Wachungaji walikuwa wanageuza ng'ombe ambao hata hawajashiba. Hakuna aliyejua kwa nini tunafukuzwa kazini asubuhi na mapema vile, na hakuna aliyesimama kuuliza.

Nilimkuta uani. Kigoda kilikuwa kimeanguka nyuma yake. Alikuwa amesimama ameinama, leso imepandishwa magotini, analitazama kovu lake kwa ukali. Visigino vyote viwili vilikuwa vimezama ardhini.

"Nimerudi," nikasema.

"Nani amekuita? Mimi nilikuwa nasema na mguu."

"Basi mguu haukusikia peke yake. Geuka uone."

Walikuwa wanakuja. Badala ya kwenda kwao, kila mmoja alikuwa amekata njia kuja kwetu. Chepkemei alifika wa kwanza, akihema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona umetufukuza shambani?" Kisha akatazama ile miguu, akalitupa jembe chini, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Obura alikuwa wa mwisho, mkono kwenye paji la uso. Alikuwa amelala chini ya mashine ya kuvunia akikaza nati aliposikia mwito. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amekwisha kujua vizuri maana ya neno lile, lakini mwili wake ulikuwa umeshika ile maana ya kwanza, ya kuinuka. Aliinuka. Chuma kilikuwa juu yake. Nundu ilikuwa imekwisha kutokea, nyekundu, inang'aa.

"Kaa hapo," Wanjugu akamwambia, akamkalisha kwenye nyasi na kuigusa nundu kwa ncha ya kidole. "Ina moto. Vizuri. Hiyo ni nduru yako, Inuka, iache iite."

Ua ulijaa. Mtu alikuwa amekwisha kuweka maji ya chai motoni, na viazi vyangu nilivyovihifadhi ghalani nikaviona vikipita mikononi mwa watu bila ruhusa yangu. Niliwaza kwamba hawa wakiachwa watatumaliza. Wanjugu naye aliwaza hivyo, nilimwona. Akasimama katikati yao, akakita visigino, akavuta pumzi kutoka chini kabisa.

"Inukai-i-i!"

Walishangilia sauti ile, na hakuna aliyekwenda. Obura peke yake, pale kwenye nyasi, alisimama.